Mafuta ya Gitaa la Kulwa

Doto binti Hasani aliyajua mafuta kuliko alivyowajua majirani zake, na majirani zake aliwajua mpaka wakamwogopa. Kwa miaka mingi alikuwa akikaanga maandazi na sambusa karibu na soko la Mbulu, na ukimtia tone la mafuta kidoleni angekuambia ni ya nini, yametoka wapi, na muuzaji ameyachanganya na nini. Kwa hiyo siku aliposhindwa kujua apake mafuta gani kwenye shingo ya gitaa, alijiona kama mtu aliyepotea njia ndani ya ua wake mwenyewe.

Gitaa lilikuwa la Kulwa, pacha wake. Enzi za kabla ya vita vya Hitla Kulwa alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua mifugo kwa Wadatoga wa nyika za Hanang, akaiswaga kwa miguu hadi mnadani Arusha, na gitaa mgongoni. Alilinunua kwa karani mmoja Mgoa aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku ile hakutembea bila hilo, hata msibani. Kisha homa ikamchukua, bintiye Sauda akiwa bado anatambaa. Mama wa mtoto alikuwa ametangulia, kwenye uzazi. Doto na mumewe Bashiri, fundi cherehani, wakamchukua mtoto, na tangu hapo soko zima likamwita Doto Mama Sauda, ingawa Sauda mwenyewe alimwita shangazi.

Sasa Sauda alikuwa amechumbiwa na Selemani, kijana wa familia yenye duka Katesh. Bashiri, ambaye furaha ilimfanya ajione tajiri, alimwita binti barazani akamuuliza anataka nini siku ya harusi yake. Alitarajia kusikia kanga, sufuria au kitanda cha chuma.

"Nataka gitaa la baba lipigwe," Sauda akasema.

Bashiri akamtazama mkewe. Doto akatazama chini.

"Watu wote wa Mbulu wananiambia baba yako alikuwa hivi, baba yako alikuwa vile, akipiga gitaa hata ng'ombe wanasimama," Sauda akaendelea. "Mimi simjui hata kikohozi chake. Nataka nimsikie mara moja kabla sijaondoka hapa."

Basi ombi la namna hiyo unalikataaje? Doto akaenda jikoni, akapanda juu ya kinu, akalishusha gitaa kutoka darini.

Hapo ndipo alipokutana na kosa lake. Mbegu ya mahindi, ukitaka izae mwakani, unaining'iniza juu ya mafiga, moshi uipitie ili fukusi wasiiguse. Kila nyumba ya huku inajua hivyo. Doto alimpenda kaka yake, akalitunza gitaa lake kama mbegu: tumbo la gitaa alilifunga ndani ya blanketi na gunia, shingo ikabaki nje, na chini yake akawasha moto asubuhi na jioni kwa miaka yote ile. Fukusi hawakuligusa, hilo ni kweli. Lakini shingo ilikuwa nyeusi kwa masizi yaliyoshikana na grisi, na ule ubao wa juu, ambao vidole hutembea juu yake, ulikuwa umekauka kama kuni za kununua. Ulikuwa umesinyaa hata vile vijichuma vilivyoukatiza vikatokeza pembeni, na nyufa nyembamba zilianza kukimbia kati ya kimoja na kingine.

Doto akamwita Hermani, kijana wa Kiiraqw kutoka Endagikot, ambaye bradha mmoja wa misheni alimfundisha gitaa mpaka akawa anaalikwa harusi za Wakristo na za Waislamu bila ubaguzi, mradi kuna chakula. Hermani alilipakata gitaa, akatelezesha mkono shingoni mara moja, akaurudisha haraka na kidole kikitoka damu.

"Mama, ubao huu una kiu," akasema, akinyonya kidole. "Nikiufungia nyuzi mpya zikauvuta hivi hivi, utapasuka mpaka ndani. Unataka mafuta kwanza."

"Mafuta gani?"

"Hapo sasa mimi sijui. Bradha alikuwa na kichupa chake, na hakutuambia ndani kuna nini."

Umwulize Doto habari za mafuta, naye akose jibu! Usiku ule alilala vibaya. Ubao ukipasuka, Sauda angeondoka kwenda Katesh bila kumsikia baba yake, na mkosaji angekuwa shangazi aliyemkausha juu ya moto kama mahindi.

Asubuhi soko zima lilikuwa na habari, na soko zima lilikuwa na dawa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jirani yake wa meza ya pili, ambaye bibi yake alitokea Tanga, alisema duniani hakuna mafuta ila ya nazi. Baba mmoja wa kuuza ngozi alisema mafuta ya kondoo, maana kama yanalainisha ngozi ya ng'ombe dume, kijiti cha gitaa ni nini? Mwingine akataja nyonyo, mwingine samli. Bashiri naye akaacha cherehani yake akaja mbio na kile kikopo chake chenye mdomo mrefu.

"Mafuta ya cherehani," akasema kwa heshima zote. "Mashine yangu ina miaka ishirini na haijawahi kulia."

"Mashine yako ni chuma, mume wangu."

"Na hivi vijichuma je?"

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Doto hakubishana na mtu. Aliwashukuru wote, akaomba kwa kila mmoja kijiko kimoja cha dawa yake, akarudi nyumbani. Nyuma ya jiko kulikuwa na kibao cha zamani cha kusukumia chapati, kilichotupwa juani mpaka kikapauka na kupata nyufa. Akakichora mistari kwa mkaa, kila mafuta akayapa shamba lake, akayasugua kwa kitambaa, kisha akakiweka kibao juu ya ukuta na kusubiri. Seremala wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akitengeneza milango ya boma, alichungulia akauliza kama na yeye anaweza kuleta ya kwake. Akamletea mafuta ya mbegu za kitani kwenye kopo la rangi. Yalinuka kama shule mpya.

Kibao kile kikawa sinema. Sauda na wenzake walikuwa wakikimbilia ukutani kila asubuhi kuona nani anaongoza. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Mbulu mnaijua: mafuta ya nazi yaliganda yakakaa ndani ya nyufa meupe kama mshumaa, hayakuingia wala hayakutoka. Kwenye mafuta ya kondoo alifika mbwa. Kwenye samli walifika sisimizi kwa mstari, wakubwa kwa wadogo, kama wameitwa kwenye karamu, na siku zilivyokwenda harufu yake ikawa ya kukufanya ugeuze uso. Nyonyo ilikaa juu inanata, ikakusanya vumbi lote la barabara ya kwenda Dongobesh. Mafuta ya cherehani yaliingia vizuri, lakini baada ya siku chache ubao ulirudi kupauka kana kwamba hayakupita pale. Bashiri alisema ni kwa sababu yaliwekwa kidogo. Akaachwa na imani yake.

Shamba la kitani peke yake ndilo lililokunywa, likapata rangi ya kahawia iliyoiva, na ukilipitishia kidole halikunata. Doto alilinusa, akalikuna kwa ukucha, akalibonyeza. Akaridhika kama mtu aliyepata mkwe mwema.

Gitaa lenyewe halikufanywa kwa pupa. Kwanza alitoa masizi. Alichukua kitambaa chenye unyevu kidogo na kisu cha mgongo butu, akakwangua ule utando mweusi uliokuwa umeshikana chini ya nyuzi za zamani, taratibu, mpaka mti wenyewe ukaonekana. Ule utando ulitoka mzito, na kitambaa kikawa cheusi na chenye grisi, naye akasema kimoyomoyo kwamba kweli jiko lake lilikuwa limemtendea kaka yake vibaya. Kisha tone moja la kitani kwenye kitambaa kisafi, likasuguliwa, likasubiri, likafutwa; siku ya pili tone jingine. Kumimina alikataa katakata, kwa sababu andazi linalokunywa mafuta mengi halijaiva ndani, na hilo hakuhitaji seremala amwambie. Ubao ukaanza kujaa. Nyufa zikafumba. Vijichuma vilivyobaki vimetokeza seremala akavipitishia tupa, na Hermani alipopitisha mkono mara hii, mkono ulirudi mzima.

Nyuzi mpya zikaja na lori la Arusha. Hermani akazifunga, akaziweka sawa, na Doto akamwimbia ule wimbo wa njiani ambao Kulwa aliupiga nyuma ya ng'ombe, mpaka kijana akaushika. Akaupiga pale uani. Kila sauti ilitoka safi, imesimama peke yake, kama maharage unayoyachambua kwenye ungo. Bashiri akapiga makofi. Sauda akatabasamu akauliza, "Ndivyo alivyokuwa akipiga?"

"Ndivyo," Doto akasema.

Alidanganya. Hakuwa Kulwa. Sauti za Kulwa zilikuwa zikiteleza, moja ikiingia ndani ya nyingine kabla haijamaliza, kama mtu anayeita kwa mbali ng'ombe wake jioni. Doto alimvuta Hermani pembeni akamwomba ajaribu hivyo. Hermani alijaribu mpaka jasho likamtoka, lakini vidole vyake vilishika kila mahali vilipokanyaga.

"Mama, nisamehe, mimi napiga kama nilivyofundishwa."

Doto hakumlaumu. Alijilaumu yeye na moshi wake. Alijiambia kwamba sauti ya kaka yake ilikauka darini, na kwamba mafuta yanaweza kurudisha mti lakini hayawezi kurudisha mtu. Alihuzunika kwa siku moja nzima, akakaanga sambusa zenye chumvi mara mbili. Halafu akaikubali hali ilivyo. Gitaa lilikuwa linalia, binti alikuwa na furaha, na harusi ilikuwa inakuja. Mshukuru Mungu kwa kidogo akupe kikubwa.

Siku ya harusi shehe alifungisha ndoa asubuhi, pilau ikaliwa, na alasiri ua ukajaa wanawake wa Mbulu na wanawake wa Katesh wakipimana kwa macho. Sauda alikaa kwenye mkeka amefunikwa shela, kando yake shangazi yake. Hermani alikuwa kwenye kiti anakaza nyuzi. Ndipo mlangoni akasimama mzee mrefu wa Kidatoga, shuka begani, fimbo mkononi, vumbi mpaka magotini.

Alikuwa Gidamis wa Getanuwas, aliyeswaga ng'ombe pamoja na Kulwa miaka yote ile. Habari za harusi zilimfikia mnadani, akaondoka kwa miguu. Doto alimkumbatia mbele za watu bila kujali nani anasema nini, akamkalisha, akamletea maji na chakula. Gidamis alikula, akanawa, akatoa kibuyu kidogo ndani ya shuka.

"Kwetu binti haondoki bila siagi," akasema. "Baba yake hayupo, basi mimi nipo."

Akachovya kidole gumba, akampaka Sauda kwenye paji la uso na shingoni, akimwombea kwa lugha yake maneno marefu yenye ng'ombe na watoto ndani yake. Wanawake wa Katesh waliitazama ile shela mpya kwa wasiwasi. Doto akawatazama wao, wakaacha.

"Sasa hilo gitaa," Gidamis akasema.

Hermani akapiga wimbo wa njiani, safi, sauti moja moja. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akakitikisa.

"Huyu sio Kulwa."

"Gitaa ni lake," Doto akasema.

"Mti ni wake, dada. Sauti sio yake."

Maneno yale yalimchoma Doto, maana alidhani siri ile iko kwake peke yake. Kabla hajajibu, Gidamis alikuwa amechovya kidole kwenye kibuyu tena na kukinyoosha juu ya nyuzi.

"Ondoa mkono wako hapo!" Doto akapiga kelele, akalinyakua gitaa mikononi mwa Hermani.

Watu wa Mbulu walijua, na wa Katesh walijua zaidi: kumkatalia mzee wa Kidatoga siagi ya baraka ni kumwambia kwamba hutaki heri yake nyumbani kwako. Gidamis alifunika kibuyu. Uso wake haukuonyesha hasira.

"Sawa. Nyumba ni yako," akasema. Akachukua fimbo yake akaenda kukaa peke yake karibu na ua wa minyaa.

Doto alibaki amesimama na gitaa kifuani. Alijua vizuri siagi hufanya nini kwenye mti. Aliwakumbuka sisimizi, akaukumbuka uvundo, akakumbuka tone moja moja la kitani na kufuta na kusubiri. Lakini yule alikuwa mtu aliyekula na kaka yake chungu kimoja porini. Akaona aibu. Akamfuata pale kwenye minyaa, akaketi chini karibu naye, na nguo zake za harusi.

"Nieleze," akasema. "Kwa nini ulitaka kupaka nyuzi?"

Gidamis akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe hujui? Tulipokuwa njiani, vumbi na umande vilikula nyuzi zikawa kama miiba. Kulwa vidole vilimchanika. Mimi nikampa siagi, akapaka nyuzi na vidole. Tangu siku hiyo hakupiga kavu tena. Hata hapa kwenu alikuwa na kichupa chake."

"Hapa kwetu? Sijawahi kukiona."

"Alikuficha. Alisema, dada yangu akiona grisi kwenye kitu ambacho si chakula, ataniua."

Doto alimkumbuka yule paka wao wa zamani, ambaye alikuwa halali ila juu ya lile gitaa, akililamba shingo, naye Doto akimfukuza kwa mwiko na kusema ana mashetani. Kisha akaukumbuka ule utando mzito mweusi alioukwangua kwa kisu, akidhani wote ni uchafu wa jiko lake. Chini ya masizi ilikuwa siagi. Alikuwa amemkwangua kaka yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa usafi, kwa kujua sana mafuta.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka yasijulikane ni ya kicheko au ya kitu kingine, na Bashiri akaja mbio akidhani mkewe amepatwa. Doto akajifuta kwa ncha ya kanga, akaweka gitaa magotini kwa Gidamis.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Paka."

"Hutalia kesho?"

"Kesho nitalifuta. Leo paka, Gidamis."

Mzee akachovya, akapitisha kidole kwenye kila uzi, kutoka chini hadi juu. Akamwita Hermani, akamrudishia gitaa, akamshika mkono akampaka vidole pia, kijana akijikunyata kama anayewekwa dawa ya kidonda. Mara ya kwanza wimbo ulianguka wote. Vidole viliteleza, sauti zikagongana, na vijana wa Katesh wakacheka kwa nguvu. Hermani akacheka nao, akaanza upya, na mara hii aliacha kushindana na siagi. Kidole kilipoteleza alikiacha kiende.

Na hapo Kulwa akaingia uani.

Doto alimsikia kabla hajaamini. Sauti moja ilitoka, ikapanda bila kukatika, ikaingia ndani ya nyingine, ikashuka nayo. Ilikuwa ile ile. Ilikuwa jioni za utotoni na baada ya utoto, na kaka yake mlangoni akirudi kutoka Arusha na vumbi kwenye nyusi. Furaha ilimpanda Doto kifuani mpaka ikamwuma. Kule alikokaa, Gidamis alifumba macho, akainua kichwa akaita kwa sauti kali ya mchunga ng'ombe, mara moja tu. Kicheko cha vijana kikakatika.

Sauda alikuwa ameinua shela. Alimtazama shangazi yake, na safari hii hakuuliza kitu. Jibu lilikuwa usoni kwa Doto, limelowa, wazi kwa kila mtu.

Binti akageuka upande wa gitaa. Akainamisha kichwa chenye siagi na manukato, kama mtoto aliyefunzwa adabu anavyofanya mbele ya mkubwa aliyerudi safari.

"Shikamoo, baba," akasema.

Hermani hakusikia, akaendelea kupiga. Wimbo ulizunguka ua, na salamu ile ikabaki hewani inasubiri, na salamu ya mtoto haiachwi bila kuitikiwa. Doto alikuwa amekaa tumbo moja na Kulwa. Akameza machozi, akamshika Sauda mkono.

"Marahaba, mwanangu," akaitika.